Reli ya Namawala na Mto Wake Mkavu

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padre, masista, wazee wetu mliotoka Sanje na Kisawasawa kwa miguu katika tope hili la Aprili, majirani wa Namawala, mafundi wenzake wa karakana ya misheni, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza mzee wetu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu Kelestini Libenanga, mimi niitwaye Evaristo, mtoto wa dada yake Konsolata, yaani mpwa wake, na kama mjuavyo kwa desturi yetu mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake hata akiwa ndani ya jeneza, kwa hiyo mkinisikia nacheka mahali ambapo wengine wangelia msishangae, maana mjane wake, mama Katarina, ameniambia asubuhi hii nisiongeze huzuni juu ya ile tuliyo nayo, na kwamba yeye mwenyewe leo ameshusha pumzi, kwa sababu ambayo nitaieleza nitakapofika mwisho.

Marehemu alizaliwa Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa, mtoto wa kwanza wa Mzee Libenanga na bibi yetu Tekla, katika mwaka ambao hakuna aliyeuandika, ila bibi alikuwa akisema kwamba wakati wa nzige wale wakubwa waliomaliza mashamba yote mwanawe alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto, nasi tukapiga hesabu tukapata mwaka 1888, na padre aliyembatiza akauandika huo huo bila kubisha. Baada yake alizaliwa mama yangu Konsolata, na hao wawili ndio waliokua. Baba yao alikuwa mkulima na mwindaji, na mama yao alikuwa mfinyanzi, ambaye vyungu vyake vilijulikana kuanzia Kisawasawa hadi ng'ambo ya mto, na wako wanawake waliokaa hapa mbele yangu ambao hadi leo wanapikia vyungu vya bibi Tekla na hawataki kusikia habari ya sufuria.

Mwaka 1905, mwezi wa Agosti, maji yalifika Kisawasawa, yale maji ambayo wazee waliopo hapa hawahitaji nieleze ni yapi, yaliyosemekana yatageuza risasi za Wajerumani kuwa matone, na Mzee Libenanga aliyapokea pamoja na wanaume wengine wa kijiji, akashika miko yake yote, na bibi Tekla naye akapewa miko ya nyumbani, kwamba chombo chenye masizi kisisogezwe karibu na kibuyu cha dawa, wala mkono wenye mafuta, wala ukoko wa chakula cha jana, na bibi akaitii miko hiyo neno kwa neno, maana alimpenda mumewe na alitaka arudi. Hakurudi. Tarehe 30 Agosti 1905 aliuawa kwa bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi mfululizo, mbele ya boma la Mahenge, pamoja na watu ambao hata leo hatujui idadi yao, na baada ya hapo mashamba yakachomwa, njaa ikaingia, na bibi akawachukua watoto wake wawili akahamia hapa Namawala kwa kaka zake, akiwa hana mbele wala nyuma. Tangu siku hiyo hadi anakufa, bibi Tekla hakunywa maji aliyopewa na mtu mwingine, awe ndugu, awe mkwe, awe padre, alichota mwenyewe kisimani au alivumilia kiu, na mtu asiyejua sababu alidhani ana maringo.

Kuhusu elimu, marehemu hakupata shule ya ubao na chaki alipokuwa mtoto, shule yake ya kwanza ilikuwa reli. Mwaka 1907 alifuatana na wapagazi waliokwenda Kilosa, akaandikishwa katika kazi ya kutandika ile reli kubwa iliyokuwa ikija kutoka Morogoro, akabeba mataruma na kushindilia kokoto, na reli ilipofika Kilosa mwaka 1909 na kuendelea na safari yake ya kwenda Tabora, yeye alibaki nyuma, akapata kazi kwa mwenye shamba moja la mkonge ambaye alikuwa na reli yake mwenyewe, nyembamba, fupi, inayotoka ghalani hadi stesheni ya reli kubwa, yenye vituo viwili, daraja moja la miti juu ya kijito, na gari moshi moja tu, dogo, zee, ambalo wafanyakazi walilipa jina la Kikohozi kwa sababu ya sauti yake likipanda mlima. Marehemu alianza kwa kukipakia Kikohozi kuni, akaendelea kwa kukipaka mafuta, mwisho akaaminiwa kufunga na kufungua mabehewa, na hakuona haya kusema mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mkewe, kwamba hajapata kupenda kitu kwa haraka kama alivyokipenda kile chombo.

Katikati ya mwaka 1911 alikumbuka nyumbani, akaaga, akashika njia ya Kidatu, na alipofika Sanje akaomba malazi katika nyumba ya mzee mmoja ambaye baadaye alibatizwa Dionisi, na katika nyumba hiyo akamwona binti aitwaye Katarina, na kwa kuwa hakujua kuimba wala kucheza ngoma vizuri, akajaribu kumfurahisha kwa kumweleza habari za Kikohozi, jinsi kinavyokula kuni, jinsi kinavyotembea juu ya vyuma viwili bila kuanguka, jinsi kinavyovuta mkonge ambao wapagazi mia wasingeubeba. Katarina alisikiliza vizuri sana. Mzee Dionisi naye alisikiliza, na mgeni alipoondoka aliwaambia watu wake kwamba kijana anaongea vizuri ila anatia chumvi mno, na wiki chache baadaye, mshenga wetu Tadei alipokwenda Sanje kupeleka neno, alirudi na jibu ambalo ukoo huu haujalisahau, kwamba binti yupo, mahari tutaelewana, lakini yeye Dionisi hamwozi mwanawe kwa mwongo, na kama kweli kuna chombo cha namna hiyo, basi kijana amwonyeshe, na zaidi ya yote amwonyeshe kinavyofanya kikifika mtoni, kama kinaogelea kama kiboko au kinaruka kama korongo, maana hapo ndipo hadithi ilipomshinda.

Mtu mwingine angetafuta mchumba kwingine. Mjomba alichimba udongo wa kichuguu, akaingia katika banda ambalo mama yake alifinyangia vyungu, akainua kitanda cha udongo kimo cha kiuno ili kuku wasipande, ingawa walipanda, urefu wake kuanzia nguzo ya mlangoni hadi nguzo ya nyuma, na juu yake akalijenga shamba lile lote kadiri alivyolikumbuka, ghala la mkonge lenye paa la nyasi, kile kilima, mahali pa mabehewa kupishana, stesheni yenye paa la kipande cha debe, reli za mianzi iliyopasuliwa na kulainishwa kwa kigae cha chupa, mataruma ya vijiti vya mkoche, mabehewa ya mninga, na Kikohozi chenyewe, tumbo lake kopo la mafuta, dohani yake mwanzi, magurudumu yake mpingo, kikivutwa kwa uzi wa ukindu, na sauti akiitoa yeye mwenyewe kwa kukohoa. Nyote mmeiona reli hiyo, wengi wenu mmekua mkiigusa na kufukuzwa, na mnajua kwamba kona ya pale ghalani ilikuwa kali mno, kila mara Kikohozi kilianguka hapo, na kila mara mjomba alisema kwamba hata cha kweli kilikuwa kinaanguka hapo hapo. Wafanyakazi wenzake wa Kilosa waliowahi kututembelea walisema si kweli.

Mto ulikuwa kazi ya bibi Tekla. Mjomba alijaribu mara kadhaa kuuchimba katika kile kitanda, na kila alipojaribu udongo ulipasuka, ndipo mama yake alipomsukuma pembeni kama anavyosukumwa mtu asiyejua kazi, akaufinyanga mwenyewe, akausugua kwa kokoto yake laini ya mtoni, akaukausha na kuuchoma kwa moto wa nyasi hadi ukalia kama chungu, bila kuuliza ni wa nini, na juu yake mjomba akajenga daraja lenye miguu iliyotanuka, akiiga miguu ya dungu la kulindia mpunga, kwa sababu dungu ndicho kitu pekee alichokuwa amekiona kikisimama katika mafuriko yetu. Mwezi wa Oktoba, wakati wa kiangazi kikali, aliujaza mto huo maji ili aone kama unavuja, na bibi alipoingia bandani na kuona maji yametulia ndani ya chombo alichokifinyanga kwa mikono yake, alimwambia ayamwage mara moja, naye akasema atayamwaga, ila wakwe wafike kwanza, waone, waondoke.

Hapo ndipo mjomba alipokosea, na ni kosa ambalo lingeweza kumpata mtu wa bonde hili tu. Watu walianza kuja bandani. Wakaja wazee wawili, wakavua kofia zao, wakakaa mbali, akaja mama mwenye mtoto wa homa, akaomba achovye kidole chake tu, wakaja wengine kutoka vijiji ambavyo mjomba hakuwa na jamaa, wakanong'ona, wakaondoka kinyumenyume, na mjomba wangu, ambaye kichwa chake chote kilikuwa Kilosa, alidhani wote hao wamekuja kukiheshimu Kikohozi, kwa hiyo akawakoholea kwa bidii, akawavutia mabehewa kutoka ghalani hadi stesheni, akafurahi kwamba watu wa kwao wanapenda maendeleo, wala hakutambua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama gari, macho yao yote yalikuwa kwenye maji. Ilikuwa miaka sita tu tangu Mahenge. Kijana aliyekwenda mbali na kurudi, mwana wa mtu aliyekufa na maji mwilini, ana maji yaliyotulia katika chombo kisichotumika jikoni, wakati visima vimekauka, na anatoa sauti za ajabu juu yake. Kwa watu wale jambo lilikuwa wazi, na lilikuwa wazi pia kwa akida, ambaye alipelekewa habari kwamba Namawala kuna mtu anagawa maji tena.

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Novemba 1911, Mzee Dionisi alifika kutoka Sanje pamoja na nduguze na mshenga Tadei, akakaribishwa, akaingia bandani, akaizunguka reli mara mbili huku ameshika kidevu, akakubali kwamba anaona vyuma, ingawa ni mianzi, anaona mabehewa, anaona moshi ungetokea wapi, akasema sasa aonyeshwe mtoni, na mjomba alikuwa ameshika uzi mkononi, Kikohozi kimefika ukingoni mwa daraja, pale askari walipoingia. Walimfunga pale pale. Mzee Dionisi aliondoka kupitia nyuma ya banda na akaonekana tena jioni ya siku ya pili, akiwa na matope hadi kifuani, na hadi anakufa alishikilia kwamba alikwenda kuangalia mashamba ya mpunga ya Namawala kama yanafaa.

Marehemu alipelekwa Ifakara, akafungwa mnyororo wa shingoni pamoja na watu wengine, akasubiri bwana mkubwa wa boma la Mahenge aliyekuwa safarini katika bonde, na hakuna aliyehitaji kumwambia adhabu ya kugawa maji ilikuwa nini, maana kila mtu alikuwa na ndugu aliyenyongwa mwaka ule wa vita, na shaushi mmoja, mkubwa wa askari wale, kwa ubaya tu, alikwisha kumwonyesha mti. Hapa Namawala bibi Tekla hakulia. Mama yangu alisema kwamba bibi aliketi mlangoni mwa banda, akawafukuza watu wote, na akawa anautazama ule mto aliouchoma mwenyewe, mumewe alikwenda na maji, na sasa mwanawe anakwenda na maji, na safari hii chombo ni chake. Angeweza kuumwaga na kuuvunja, na nusura auvunje, mchi alikuwa nao mkononi, lakini alifikiri kwamba wakikuta mto umevunjwa watasema dawa imefichwa, na mtoto atanyongwa kwa maji ambayo hata hayapo.

Bwana mkubwa alipofika na kusomewa shitaka, alimuuliza marehemu yale maji ni ya nini, naye akajibu kupitia mkalimani kwamba ni ya reli, na bwana mkubwa akacheka, akasema hajaona reli tangu aondoke Morogoro, na kabla ya kumnyonga mtu kwa ajili ya reli ni heri aione. Kwa hiyo tarehe 20 Novemba 1911 walikuja hapa, yeye, akida, askari na mjomba na mnyororo wake, na kijiji chote kikasimama mbali kwa woga. Bwana mkubwa aliinama, akatazama ghala, akatazama mahali pa kupishana, akatabasamu, akagusa kopo la Kikohozi kwa kidole, lakini alipofika mtoni tabasamu likaisha, akamuuliza akida kama ni kweli watu wamekuja kuchovya vidole katika maji haya, na akida akasema ni kweli. Mjomba aliomba afunguliwe mkono mmoja tu ili avute uzi, wote waone kwamba maji yapo kwa sababu ya daraja, na daraja lipo kwa sababu ya mkwe, akakatazwa, akaambiwa hakuna mtu wa kugusa chochote.

Ndipo bibi Tekla alipotoka jikoni. Alikuwa amebeba kichwani vyungu vya siku tatu, havijaoshwa, vyeusi kwa masizi, vyenye ukoko uliokauka na mafuta ya samaki, akapita katikati ya askari kama mtu anayepita kwenye mbuzi, akaviteremsha ukingoni mwa mto wa reli, akaanza kuviosha. Alisugua chungu cha kwanza hadi maji yakawa meusi, akatia cha pili, ukoko ukaelea chini ya daraja, akakamua humo kitambaa cha kufutia samaki, na alipomaliza akanawa miguu. Askari aliyetaka kumzuia alizuiwa na akida mwenyewe. Bwana mkubwa aliuliza mama huyu anafanya nini, na bibi, bila kuinua uso, akasema kwa Kindamba, na mkalimani akalirudia, kwamba anaosha vyombo, kwani wao wanaosha wapi.

Bwana mkubwa alimgeukia akida, na akida, ambaye mwaka 1905 alipona kwa bahati na aliijua miko ya maji yale kuliko alivyopenda watu wajue, alisema kwamba hakuna mganga chini ya jua ambaye angeruhusu masizi na ukoko vifike katika dawa yake, na hakuna mama ambaye angethubutu, kama ni dawa, tena mama huyu, ambaye mumewe alikufa akiwa na dawa hiyo, kwa hiyo haya ni maji tu, na sasa hata maji si mazuri. Wale wazee wawili waliokuwa wamevua kofia walizivaa. Mnyororo ukafunguliwa, na marehemu akaamriwa apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kosa la kuisumbua serikali, na amri nyingine ikatolewa, kwamba reli ibaki kama anaipenda, lakini mto uwe mkavu siku zote. Mjomba alipenda kutuambia kwamba hakuna zawadi aliyowahi kuipokea kwa furaha kama viboko vile, kila kimoja alikihesabu na kukishukuru, kwa sababu mtu wa kunyongwa hapigwi hamsa ishirini, na usiku huo alilala kifudifudi huku akicheka, mama yake akimpaka mafuta mgongoni na kumtukana.

Alipopata nafuu, bibi alimwapisha. Hakumwapisha kwa ajili ya Mjerumani, alimwapisha kwa ajili yake mwenyewe na kwa mzee aliyebaki Mahenge, akamfanya aseme kwa sauti, mlangoni mwa banda, kwamba maadamu anaishi, maji hayataingia tena katika mto ule, na mjomba akasema hivyo, na akakishika kiapo hicho kwa miaka karibu arobaini. Mzee Dionisi naye alituma neno kutoka Sanje, kwamba bado hajakiona kikivuka, hilo asisingiziwe, lakini katika nyumba yenye mama mkwe wa namna ile mwanawe ataishi salama.

Marehemu alianza mafundisho ya dini na kusoma na kuandika mwaka 1912, katika misheni ya Ifakara, ambapo alikaa benchi moja na watoto waliomfikia kiunoni, akabatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 22 Machi 1913, kwa jina la Kelestini, pamoja na mama yake na dada yake, na tarehe 7 Juni 1913 alifunga ndoa takatifu na Katarina, ndoa ambayo imedumu hadi juzi. Mwaka 1916 alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya Wazungu, akarudi mwanzoni mwa 1918 akiwa amekonda lakini mzima, akakuta askari waliolala bandani wamechemshia maharage ndani ya Kikohozi, akatengeneza kingine kabla hajaezeka nyumba, na mama Katarina anaomba hilo liingie katika historia. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1947 alikuwa fundi seremala wa misheni, na madawati, milango na mabenchi aliyoyatengeneza yako kila mahali katika bonde hili, na kama benchi ulilokalia sasa lina miguu iliyotanuka, ujue ni lake.

Wajerumani walipoondoka, watu walimwambia amri ya mto mkavu imeondoka nao, naye akajibu kwamba ya Mjerumani imeondoka, ya mama ipo. Bibi Tekla alipofariki, tarehe 12 Februari 1934, wakamwambia tena, akasema kiapo hakikutaja maisha ya mama, kilitaja yake. Mzee Dionisi alikuwa akija kila mwaka baada ya mavuno, anakula, anashiba, anaingia bandani, anauliza kama kimevuka, anaambiwa bado, anatikisa kichwa na kusema kwamba basi yeye amemwoza binti kwa mkopo, na mwaka 1929 alifariki bila kukiona. Jambo hilo lilimuuma mjomba kuliko alivyoonyesha, maana walipendana, na ndani ya moyo wake alijua kwamba swali la mzee lilikuwa halali, yeye mwenyewe hakuwahi kuona daraja lake likisimama ndani ya maji.

Mungu aliwajalia marehemu na mama Katarina watoto sita, wawili walitangulia wakiwa wadogo, na waliopo ni Fulgensi, Serafina, Stefania na Donati, pamoja na wajukuu kumi na tisa, ambao wote wanajua kukohoa kama gari moshi.

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Oktoba 1950, kwa maumivu ya kifua na kikohozi, na wajukuu walipomsikia walikimbilia bandani wakidhani babu yuko kazini. Alilazwa hospitali ya Ifakara mwezi wa Februari mwaka huu, akatunzwa vizuri, na alipoona hali haibadiliki aliomba arudishwe nyumbani. Katika Juma Kuu alimwita mkewe akamwambia kwamba kiapo kile kilikuwa chake peke yake, hakikumfunga mke wala mtoto, na kwamba akishaondoka waujaze mto, na uzi auvute Katarina, si mwingine, kwa sababu aliyeuliza swali alikuwa baba yake. Mama Katarina alimwambia waujaze leo leo, ili naye aone, Mungu hatakasirika, mama Tekla hatakasirika, na kwa siku kadhaa alimsihi, hata sisi alitutuma tumsihi, naye akakataa kwa upole, akasema ametunza neno muda mrefu mno kulivunja kwa kukosa subira ya siku chache. Alifariki juzi, Jumanne, tarehe 17 Aprili 1951, saa tano asubuhi, kitandani kwake, bila mateso, huku mvua ikinyesha na watoto wake wote wakiwa chumbani, na kwa mtu aliyewahi kuonyeshwa mti akiwa na miaka ishirini na mitatu, sisi tunaona hicho ni kifo chema, na tunamshukuru Mungu.

Familia inawashukuru madaktari na masista wa hospitali ya Ifakara kwa huduma yao, Baba Padre kwa sakramenti, mafundi wa karakana waliotengeneza jeneza usiku kucha na kukataa chai, majirani wa Namawala kwa kuni, mchele na mikono yao, wavuvi waliowavusha ndugu zetu mto ukiwa umefurika, na wote ambao sikuwataja, msituhesabie kosa.

Kabla sijakaa, niwaeleze neno nililoahidi. Leo asubuhi, kabla ya kufunga jeneza, tulilibeba hadi bandani, tukaliweka mbele ya daraja. Fulgensi alileta maji kutoka Kilombero, nami kwa kweli roho ilikuwa mkononi, udongo uliokaa mkavu miaka yote ile nilijua utapasuka, na miti ya daraja nilijua imeliwa na wadudu. Maji yaliingia, yakapanda, yakafika kwenye miguu ya daraja, na mto wa bibi Tekla haukuvuja hata tone. Mama Katarina alishika uzi. Kikohozi kilianguka pale ghalani, kama kawaida, tukakirudisha, akavuta tena, kikapanda kilima, kikaingia darajani, na banda lote lilikuwa kimya, kwa sababu aliyekuwa akikikoholea alikuwa amelala pale mbele yetu, na katika ukimya huo kikapita juu ya maji, behewa la kwanza, la pili, la tatu, kikafika ng'ambo. Mama Katarina aliweka uzi chini, akaangalia upande wa Sanje, akasema, "Baba, kimevuka." Ndipo sote tukapumua, na ndipo tukalia.

Mjomba, neno lako umelitunza, na mzee Dionisi sasa hakudai tena. Pumzika kwa amani.